Ukipewa funguo za duka, umepewa nini?

Tangu Julai 2025, serikali ya Tanzania ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, ukiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na uuzaji wa rejareja, jina la Idi Amin, aliyewafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, limerudi vijiweni. Mmoja anasema, "Amin alifanya hivihivi, Uganda ikalala njaa." Mwingine anamrukia, "Acha woga wewe, Waganda si walipata maduka yao?" Kahawa inapoa, ubishi unaendelea, na kila mtu anarudi nyumbani na jibu alilokuja nalo.

Niseme mapema kwamba orodha ya leseni na kuwafukuza watu nchini ndani ya siku 90 ni mambo mawili tofauti, na anayeyalinganisha moja kwa moja anatia chumvi. Lakini ubishi wenyewe unagusa swali zuri. Mambo yakipinduka ghafla katika mji au mkoa, iwe kwa vita, kwa dola kuanguka au kwa watu kufukuzwa, kwa nini sehemu moja huinuka na nyingine hubaki gofu? Wabishi wetu wote wawili wanauona uchumi wa mahali kama rundo la mali, na kwao kazi iliyobaki ni kuuliza nani amelikalia.

Twende kwa Mangi. Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una duka lake la Mangi, hata pale muuzaji asipokuwa Mchaga. Tuseme kesho Mangi ameondoka usiku na wewe umekabidhiwa funguo. Ndani kuna friji, mizani, rafu na bidhaa za wiki mbili. Hiyo ndiyo mali. Inaonekana, inahesabika, inaweza hata kupigwa picha siku ya makabidhiano.

Kilichoondoka na Mangi hakipigwi picha. Anajua unga unatoka kwa kasi siku zipi za mwezi. Anajua mama yupi ukimkopesha analipa mshahara ukiingia, na kijana yupi ukimkopesha ataanza kupita njia nyingine. Anajua duka la jumla lipi litampa mzigo kwa mali kauli, yaani achukue leo alipe akiuza, bila karatasi, kwa sababu wamejuana miaka sita. Hayo ndiyo maarifa ninayoyazungumzia hapa. Yapo ya vitabuni, kama viwango vya kodi au namna ya kuweka hesabu, na hayo ukiyakosa utayasoma. Lakini mengi ni ya mikononi. Mama anapokufundisha kupika chapati anasema, "Maji kiasi, chumvi kiasi." Kiasi gani? Hana jibu, na si kwamba anakuficha. Utakijua ukikanda naye mara kumi.

Neno la tatu, baada ya mali na maarifa, ni ujasiriamali, na limechakaa kwa semina za sabuni na batiki mpaka linaweza kumaanisha chochote. Mimi nalitumia kwa maana finyu: kuona pengo ambalo wengine hawalioni, kisha kuweka fedha au jasho kabla hujawa na uhakika. Kijana wa Rombo anayefungua duka Mbagala amefanya hivyo. Ila kabla ya hapo, mara nyingi, amelala miaka mitatu nyuma ya duka la mjomba wake akipokea mzigo, akipima sukari na kukemewa. Ndiyo maana msemo kwamba "Wachaga wamezaliwa na biashara" haunishawishi. Mtoto hazaliwi anamjua muuza jumla. Anachorithi ni mjomba.

Sasa Uganda.

Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa mbele ya askari wake Tororo, Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke. Muda ukawa siku 90, na baadaye agizo likapanuka hadi kuwakumba wengine, wakiwamo wengi waliojiona ni raia halali wa Uganda. Waliruhusiwa kutoka na takribani pauni 50 taslimu. Amin aliliita jambo hilo vita vya uchumi, na kwa Waganda wengi wa siku ile jina hilo halikuwa mzaha. Kinyongo kilikuwa na mizizi ya kweli. Chini ya ukoloni mkulima wa pamba wa Buganda alilima, lakini viwanda vya kuchambulia na biashara ya kuuza nje vilikuwa mikononi mwa wengine. Moja ya madai katika ghasia za 1949 lilikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe. Tanganyika nako kulikuwa na sheria iliyozuia mfanyabiashara kumkopesha "mwenyeji" bila kibali. Ukimnyima mtu mkopo kwa miaka 30, halafu ukasema hajui biashara, hilo ni tusi.

Biashara, ranchi na mashamba zaidi ya 5,000 yakapata wenyewe wapya. Hapo Kiswahili kikaipa historia msamiati wake: waliogawiwa wakaitwa mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi angesahihisha kuwa "mengi", lakini hicho kilikuwa Kiswahili cha kambini, na jina likabaki hivyohivyo.

Kipo kichekesho kinachosimuliwa sana kuhusu mafuta mingi. Mteja anauliza bei ya shati, mwenye duka mpya anatazama kola, anakuta 15, anasema, "Shilingi kumi na tano." Ilikuwa saizi ya shingo. Watu hucheka, nami nimewahi kucheka, lakini kichekesho hiki kimetupotosha zaidi ya kutufundisha. Kinafanya ionekane kwamba tatizo lilikuwa ujinga wa Mwafrika mbele ya shati. Bei ya shati mtu hujifunza kwa siku moja.

Jambo lililoua duka lilikuwa lingine. Shehena aliyokuwa nayo Mhindi wa Jinja kwenye rafu, kwa sehemu kubwa, haikuwa yake bado. Aliichukua kwa mkopo kwa muuza jumla wa Kampala, ambaye naye alimtegemea mwingizaji wa bidhaa aliyekuwa na mkono Mombasa, na huyo alikuwa na benki, au binamu, Bombay ama London. Mlolongo wote ulikuwa mali kauli kutoka juu hadi chini, umefungwa kwa ndoa, misikiti, mahekalu na miaka ya kulipana. Rafu za mafuta mingi zilikuwa zimejaa siku ya kwanza. Zilipokwisha, mzigo wa pili ulitakiwa kulipwa taslimu, tena kwa fedha za kigeni, na hakukuwa na mtu upande wa pili aliyelijua jina lake.

Kuna jambo la pili ambalo vijiwe havilitaji. Uganda ilikuwa na Waafrika walioijua biashara hiyo kwa karibu: makarani, wauzaji wa kaunta, madereva wa mzigo, mafundi wa mitambo. Wengine walikuwa wamesimama dukani humo miaka 10. Kama ungetaka kugawa duka ili liendelee kuishi, hao ndio ungewaita kwanza. Lakini mgao ulifuata cheo na ukaribu na wakubwa, na maofisa wa jeshi wakapata sehemu nono. Kwa hiyo maarifa yaliondoka kwa njia mbili, mojawapo ikiwa ndege. Ya pili ilikuwa pale karani alipoachwa nje ya mlango akimtazama kapteni akijaribu funguo.

Sukari inaonyesha hasara ilivyokuwa. Kiwanda cha Lugazi kilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta katika miaka ya 1920, na Kakira, karibu na Jinja, ni kazi ya Muljibhai Madhvani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Uganda ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 140,000 za sukari kwa mwaka na kubaki na ya kuuza nje. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu umesimama kabisa. Ardhi ilikuwa palepale, mvua ya Busoga ilinyesha kama kawaida, mitambo haikuhama. Kiwanda cha sukari ni saa kubwa: muwa ukishakatwa unaanza kupoteza utamu, kwa hiyo kukata, kubeba na kusaga lazima viende kwa mwendo mmoja, na kipuri kimoja kikikosekana shamba zima linasubiri. Mwendo huo ulikuwa vichwani mwa watu.

Lakini tazama kahawa. Kahawa haikufa kwa namna hiyo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa karibu mauzo yote ya Uganda nje ya nchi. Kwa nini? Kwa sababu aliyejua kupogoa mti wa robusta na kuanika buni alikuwa mkulima mwenyewe, na yeye hakufukuzwa. Maarifa yalibaki yalipo.

Ujasiriamali nao haukufa. Ulibadili njia. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, huku serikali ya Amin ikimlipa mkulima wake kiduchu. Watu wakaona pengo. Buni zikavuka mpaka usiku kwa vichwa, kwa punda, kwa mitumbwi. Chepkube, kasoko ka mpakani upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon, kakageuka ghafla mahali pa fedha za magunia. Hiyo ndiyo magendo. Ukiitazama bila kuihukumu, magendo ina kila kitu nilichokitaja juu: kuona pengo, kuthubutu, kujua njia, kuaminiana gizani. Ilitajirisha watu. Haikujenga barabara wala kiwanda, maana mtu anayeogopa kukamatwa kesho hanunui mashine ya kulipa baada ya miaka mitano.

Hapa niwe mwadilifu. Si kila kilichoporomoka Uganda kiliporomoshwa na kufukuzwa kwa Waasia. Kulikuwa na mauaji, na wataalamu wa Kiafrika nao walikimbia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na kuanzia 1978 hadi 1979 kukawa na vita na Tanzania. Anayesema "alifukuza Wahindi, uchumi ukafa" amekata hadithi fupi mno.

Wale walioondoka na pauni 50 ndio nusu ya pili ya hadithi. Takribani 28,000 walipokelewa Uingereza, na wengi waliutaka mji wa Leicester kwa sababu tayari kulikuwa na ndugu zao waliotangulia kutoka Kenya na kwingineko. Halmashauri ya mji huo iliogopa kiasi cha kuweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, kuwasihi kwa faida yao wasije Leicester. Wakaja. Na hapa kuna hadithi tamu ya uongo, kwamba walishuka kwenye ndege wakafungua maduka kesho yake. Wengi walianza kiwandani, kwenye soksi, viatu na mashine za kuchapia. Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters waligoma kudai haki sawa na wenzao weupe, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka Uganda. Mtu aliyekuwa na duka Mbale alikuwa sasa anapiga kadi ya zamu ya usiku.

Mali hawakuwa nayo. Mlolongo wa kuaminiana walikuwa nao, maana haukuhitaji pasipoti. Ndugu watatu wanachanga mishahara, binamu anayejua muuza vitambaa anawadhamini, duka tupu kwenye mtaa uliochoka linakodishwa kwa bei rahisi. Viwanda vya zamani vya Leicester vilikuwa vikidhoofika miaka hiyohiyo. Barabara ya Belgrave, ambayo haikuwa na mvuto wowote, ikawa mtaa wa sari, dhahabu na vitafunio, na leo watu husafiri kutoka miji mingine kwenda kufanya manunuzi ya harusi pale.

Nina mfano mwingine kutoka mbali ambao ni kama mtu aliukusudia uwe jaribio la maabara. Jena ni mji mdogo mashariki mwa Ujerumani. Carl Zeiss alifungua karakana yake hapo 1846, akamshirikisha mwanafizikia Ernst Abbe wa chuo kikuu cha mji huo, na baadaye akaja Otto Schott, bingwa wa vioo. Hadubini nyingi za maabara za dunia zilitoka kwao. Mwaka 1945 Wamarekani ndio waliofika kwanza, lakini kwa makubaliano ya washindi walipaswa kuuacha mkoa kwa Warusi. Kabla ya kuondoka walipakia makumi ya wataalamu na viongozi wa kampuni, pamoja na familia zao, wakawahamishia magharibi. Warusi walipoingia, wao walifungua mitambo, wakaipakia na kuipeleka kwao, na mwaka uliofuata wakachukua baadhi ya mafundi pia.

Kwa hiyo mmoja alichukua vichwa na mwingine mashine. Vichwa vilianza upya 1946 katika mji mdogo wa Oberkochen, bila mitambo ya kueleweka. Leo Oberkochen ndipo makao makuu ya Zeiss, na vioo vinavyotengenezwa hapo vimo ndani ya mashine zinazochora chipu za kisasa kabisa duniani. Ukiwa na simu mpya mkononi, kuna uwezekano mkubwa umeshika matunda ya kazi ya mji ambao hujawahi kuusikia.

Lakini Jena nayo haikufa, na hilo ndilo linalonivutia zaidi. Wafanyakazi waliobaki waliijua kazi, chuo kikuu kilikuwapo, na chini ya serikali ya kikomunisti kampuni ikajengwa tena. Kisha likaja pigo la pili. Ujerumani ilipoungana 1990, kiwanda kilichozoea kuwauzia Warusi kiliamka kikiuza kwa fedha ya Ujerumani Magharibi, iliyo ghali, na bila wateja. Maelfu kwa maelfu wakapoteza kazi. Serikali ilimwaga mabilioni, sehemu moja ikawa kampuni ya Jenoptik, nyingine ikarudi kwa ndugu zake wa magharibi, na baadhi ya wahandisi walioachishwa wakafungua vikampuni vyao vya lenzi, leza na vipimo. Leo Jena ni miongoni mwa miji ya mashariki inayojitegemea vizuri. Linganisha na Hoyerswerda, mji uliojengwa kwa ajili ya makaa ya mawe, katika mashariki hiyohiyo. Ulikuwa na wakazi zaidi ya 70,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo haufiki nusu ya hapo. Nako kulikuwa na wafanyakazi hodari. Ila ujuzi wao ulikuwa wa kitu kimoja kwa mnunuzi mmoja, na ulipokosa mnunuzi haukuwa na pa kugeukia, wakati anayejua kusaga kioo anaweza kuhama kutoka hadubini kwenda leza.

Ukiishia hapa utadhani bahati ya mahali imeshaandikwa: waliojua wataendelea kujua, wengine poleni. Rwanda inalipinga hilo. Familia nyingi za Rwanda zililima kahawa tangu ukoloni bila kuionja. Waliosha buni nyumbani, wakauza kwa bei ya kahawa ya kawaida. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ushirika wa Abahuzamugambi huko Maraba, kusini mwa nchi, ulianza na watu waliopoteza ndugu na mashamba, na mwaka 2001 ukapata kituo chake cha kuoshea kahawa. Pamoja na mashine yakaja maarifa ya upande wa pili wa biashara: vijana wa Kinyarwanda wakafundishwa kuwa waonjaji, kunusa, kufyonza na kutema, mpaka mkulima akaelewa kwa nini buni iliyokaa siku moja zaidi kwenye gunia inashusha bei. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa Cup of Excellence, shindano la kahawa bora. Kahawa ilikuwa ileile ya mababu. Ulimi ndio uliokuwa mpya.

Na Uganda yenyewe? Familia ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985, na katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni ikaharakisha kurudisha mali za waliofukuzwa. Sukari ikarudi, ila kwa mikopo mikubwa na miaka ya kupanda upya miwa. Tangu hapo viwanda vingine vimechipuka Busoga, na vinagombea miwa ya wakulima wadogo, jambo ambalo limeleta ugomvi wake. Ugomvi huo, kwa mtazamo wangu, ni dalili kwamba kazi ya miwa sasa inajulikana na wengi.

Turudi Kariakoo. Anayelalamika kwamba mgeni kakaa kwenye fremu ya rejareja ana hoja: kama mtu aliingia nchini kama mwekezaji mkubwa, hatukutarajia kumkuta akiuza ndala moja moja. Lakini nguvu ya huyo mgeni haipo kwenye fremu. Ipo Guangzhou na Yiwu, miji ya China, kwa mwenye kiwanda anayempa mzigo alipe baadaye, kwa anayejua kontena ijazwe vipi na ifike kabla ya Idi. Wapo Watanzania wengi wanaoijua njia hiyo kwa miguu yao, na wapo wengine wanaoijifunza sasa hivi wakiwa vijana wa kazi humohumo dukani, wakitafsiri, wakipanga mzigo, wakikariri majina ya wasafirishaji, wakijua bidhaa ipi ilirudishwa na kwa nini.

Kwa hiyo leseni ikifutwa na mlango ukafungwa, mimi nitataka kujua jambo moja tu kuhusu siku ya kufunguliwa. Funguo zimekwenda kwa yule kijana aliyekuwa ndani, au kwa mwenye uwezo wa kulipa kilemba?